Zabibu iliyookolewa na jamaa wa baiskeli

Wiki chache zilizopita nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu, ukumbi mmoja pale Sinza. Kadi ilikuwa ya dabo lakini nilikwenda peke yangu, na hayo mengine tuyaache.

Meza niliyopangiwa ilikuwa ya vijana watupu, isipokuwa shemeji mmoja wa familia, jamaa wa makamo mwenye suti ya rangi ya ugoro na saa kubwa kama kifuniko cha sufuria. Bia zilipoanza kuadimika, mhudumu akatuletea chupa ya mvinyo mwekundu. Shemeji akaidaka kabla haijatua mezani. Akamimina kidogo, akazungusha glasi kama anayetafuta redio, akainusa mpaka pua ikalowa. Kisha akatangaza:

"Wadogo zangu, hii sasa ndiyo Ufaransa yenyewe. Kitu kama hiki hakiwezi kutoka Afrika hata kwa dawa."

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa lebo. Nikasoma: Stellenbosch, Afrika Kusini. Na juu yake, kwa herufi kubwa, neno moja tu: Pinotage.

"Shem," nikamwambia kwa heshima zote maana kanizidi umri, "samahani, hii imetoka kwa Mzee Mandela."

Akaigeuza chupa, akasoma, akakohoa. "Sawa, lakini mbegu yenyewe ni ya Mfaransa."

Nikakosa la kujibu. Vijana wenzangu wakacheka, ikawa imeisha hivyo. Lakini mimi nina ugonjwa, nikishindwa ubishi silali. Nikaanza kusoma na kuuliza wanaojua. Kumbe bwana, shemeji alikuwa kapatia nusu na kukosa nusu, na ile nusu aliyokosa ndiyo yenye mambo!

Kwanza tuelewane. Waini siyo kitu kimoja, kama ambavyo embe siyo embe tu. Kuna dodo, kuna bolibo, kuna sindano, na mtoto wa uswahilini hawezi kuzichanganya hata umfunge kitambaa machoni. Zabibu nazo zina makabila yao. Wale waliowahi kunywa waini ya Dodoma wamekunywa zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la kijiji cha hukohuko. Kwenye chupa za nje utakuta Merlot, utakuta Shiraz, utakuta Cabernet Sauvignon. Haya yote ni majina ya zabibu, siyo majina ya kampuni. Nyingi zina asili ya Ulaya, na umri wake ni mamia ya miaka.

Pinotage ni tofauti. Hii tunajua ilizaliwa wapi, mwaka gani, na nani aliyeizalisha. Na haikuzaliwa Ulaya. Tamka "pinotaaji", usije ukachekwa kama mimi.

PROFESA NA MBEGU NNE

Baba yake ni Abraham Izak Perold, mzaliwa wa mwaka 1880 kule Rasi ya Tumaini Jema. Huyu alisomea kemia, akapata udaktari wake Ujerumani, na serikali ikamtuma kuzunguka nje kutafuta aina za zabibu zinazoweza kufaa Afrika Kusini. Akarudi na aina 177! Baadaye akawa profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, mji ulioko kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Cape Town, milima imeuzunguka.

Sasa huyu profesa alikuwa na zabibu mbili akilini. Ya kwanza ni Pinot Noir, malkia wa jimbo la Burgundy huko Ufaransa, ambayo watawa wa Kikristo waliitunza tangu enzi za kati. Ikikubali inatoa mvinyo ambao matajiri wanauzia magari. Shida ni deko. Ngozi yake nyembamba, jua kali linaiunguza, mvua ikizidi inaoza, yaani ni kama yule dada wa mtaani kwetu ambaye hata vumbi la daladala linamlaza kitandani siku tatu.

Ya pili ni Cinsaut, ya kusini mwa Ufaransa kwenye joto. Hii ni mtoto wa kazi. Inavumilia jua, inavumilia ukame, inazaa kama haina akili nzuri. Ladha yake ya kawaida tu, lakini haimsumbui mkulima. Afrika Kusini wakati huo walikuwa wanaiita Hermitage, na hilo jina tulishike maana litatuhusu.

Mwaka 1925 Perold akaziozesha. Kuoza na kuozesha ni vitu viwili, msomaji, usinisome haraka. Ua la mzabibu lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, kwa hiyo ukitaka kuchanganya unaondoa zile za kiume kwa kibano kidogo kabla halijafunguka, halafu unalipaka chavua ya mzabibu mwingine na kulifunika ili nyuki wasije kuingilia ndoa. Kazi yote hiyo ilimpa Perold mbegu nne. Nne tu! Akazipanda, na hapa ndipo watu wanakuna vichwa mpaka leo, kwenye bustani ya nyumba aliyopewa na chuo, shamba la Welgevallen. Hakuzipeleka kwenye kitalu. Alizipanda nyumbani, kama mama anavyopanda mchicha.

Miaka michache ikapita, Perold akaacha kazi ya ualimu akahamia KWV, ule ushirika mkubwa wa wakulima wa zabibu, mjini Paarl. Nyumba ikabaki wazi. Majani yakaota, bustani ikageuka pori, na chuo kikatuma vibarua waje kufyeka.

Basi bwana, siku hiyo ya kufyeka, kijana mmoja mwalimu wa chuo aitwaye Charlie Niehaus alikuwa anapita zake na baiskeli. Huyu alikuwa anajua habari za ile miche ya profesa. Akaona watu wanashughulika na majembe, akasimama, akaingia, akaiokoa. Miche minne ikachimbuliwa na kupelekwa chuo cha kilimo cha Elsenburg, jirani tu na hapo.

Hebu fikiria kama angepitia njia nyingine. Au baiskeli ingepata pancha!

Mwaka 1935 profesa mwingine, C.J. Theron, akaibebesha ile miche kwenye mashina magumu, vilevile ambavyo wenzetu wa Tanga na Morogoro wanavyobebesha miembe na michungwa. Perold alipokuja kuwasalimia wenzake wa zamani, Theron akamwonesha. Wakachagua mche uliokuwa na afya kuliko yote, na wakatafuta jina. Pinot ikatoa kichwa, Hermitage ikatoa mkia, ikawa Pinotage. Wangeweza kufanya kinyume, ikaitwa Herminoir, jina linalofaa zaidi kwa mafuta ya nywele.

Na hilo jina lenyewe lina kosa ndani yake. Hermitage halisi ni kilima kule Ufaransa, na zabibu nyekundu ya pale ni Syrah, ile ambayo wengine wanaiita Shiraz. Cinsaut na kile kilima hawajuani hata kwa sura. Ni wakulima wa Rasi tu walikuwa wameshazoea kuiita hivyo. Kwa hiyo mtoto kapewa jina la mtu ambaye siyo baba yake. Yanatokea, hata mtaani kwetu yanatokea.

Mzabibu hauzidishwi kwa mbegu, unazidishwa kwa kukata vijiti na kuvipanda au kuvibebesha. Maana yake ni kwamba kila mzabibu wa Pinotage ulioko duniani leo, uwe Stellenbosch, uwe New Zealand, Brazil, Israel au Marekani, ni kipande kilichotokana na ile bustani iliyonusurika jembe. Shemeji alisema mbegu ni ya Ufaransa. Wazazi ndiyo, nakubali. Mtoto kazaliwa Afrika.

Mvinyo wa kwanza wa Pinotage ulitengenezwa Elsenburg mwaka 1941. Mwaka huohuo Perold akafariki. Hakuwahi kuiona ikiuzwa dukani.

NANI ALIRUHUSIWA KUINYWA?

Mambo yakaenda polepole, halafu yakalipuka. Mwaka 1959 Pinotage ya shamba la Bellevue ikatwaa ubingwa wa maonesho ya mvinyo ya Rasi, ikazipiga chini zabibu za Kizungu zote. Mwaka 1961 ikatoka chupa ya kwanza yenye neno Pinotage kwenye lebo, jina la biashara Lanzerac, mvinyo wa mavuno ya 1959. Wazungu wa Cape Town na Johannesburg wakaanza kuinunua kwa fahari, maana sasa walikuwa na kitu chao wenyewe.

Nimesema Wazungu kwa makusudi. Hapa naomba msomaji uweke glasi chini kidogo.

Mwaka huo wa 1961 Mwafrika mweusi wa Afrika Kusini alikuwa haruhusiwi kuinunua hiyo chupa. Sheria ya pombe ya mwaka 1928 ilimkataza kununua mvinyo na pombe kali. Alipewa nafasi ya kunywa pombe ya mtama kwenye kumbi za manispaa, na faida ikaingia kwenye manispaa. Akitaka zaidi ya hapo ni kujificha kwenye vilabu vya uchochoroni na kukimbizana na polisi. Zuio hilo liliondolewa mwaka 1962 tu. Wengine tumezaliwa na wazee waliokuwa wameshavaa suruali ndefu mwaka huo, siyo historia ya Farao hii.

Na wale waliokuwa wakilima, wakipogoa na kuchuma hizo zabibu? Hao ndio hadithi yao inauma.

Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa Februari 1659, zama za Jan van Riebeeck wa kampuni ya Waholanzi. Kwa karibu miaka 180 tangu hapo kazi ya mashambani ilifanywa na watumwa waliosombwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, nao wakawekwa chini ya mabwana zao miaka minne mingine kwa jina la mafunzo. Baada ya hapo wengi walibaki kwenye mashamba yaleyale, nyumba zilezile za mwenye shamba. Na mshahara? Sehemu yake ililipwa kwa mvinyo.

Huo mtindo unaitwa "dop", neno la Kiafrikaans lenye maana ya funda au kikombe cha pombe. Kikombe cha bati kinazunguka asubuhi kabla ya kazi, kinazunguka tena saa ya chai, mchana, jioni, kwenye mashamba mengine mara tano au sita kwa siku. Na siyo ule mvinyo wa lebo, ni ule mbovu usiouzika. Ukimlipa mtu kwa kitu kinachomfanya akitake tena kesho, umemfunga bila kamba. Hawezi kuondoka kwa sababu nyumba ni yako, chakula anakopa dukani kwako, na kiu yake pia unayo wewe.

Sheria ilikataza dop katika miaka ya 1960, lakini mashambani nani wa kwenda kukagua? Iliendelea chinichini mpaka miaka ya 1990. Na matokeo yake hayakuishia kwa wanywaji. Mama mjamzito akinywa, pombe inafika kwa mtoto tumboni, na inaweza kumharibu ubongo na kumdumaza maisha yake yote. Tatizo hilo limepimwa katika jamii za mashamba ya mvinyo za Rasi ya Magharibi, na viwango vyake ni vya juu kabisa kati ya vilivyowahi kupimwa duniani. Hii ni sumu ambayo mjukuu analipa deni la kikombe alichokunywa babu.

Wazee wetu hapa hawakuijua Pinotage kabisa, na siyo kwa sababu ya ushamba. Tanzania ilikuwa imewagomea Makaburu. Bidhaa zao hazikuingia, na wapigania uhuru wao tulikuwa nao hapa, hata shule yao ilijengwa Mazimbu, Morogoro, ikafunguliwa mwaka 1978. Baada ya uchaguzi wa 1994 ndipo milango ilipofunguliwa, na maduka yetu yakajaa vitu vya kwa Madiba, kuanzia juisi mpaka hiyo chupa iliyotugombanisha na shemeji.

MISUMARI, NDIZI NA KAHAWA

Turudi kwenye glasi. Usidhani Pinotage ilipendwa na wote. Katikati ya miaka ya 1970 wataalamu wakubwa wa mvinyo kutoka Uingereza walitembelea Rasi, wakaionja, wakasema inanukia misumari yenye kutu. Misumari! Fikiria mtu anakuja nyumbani kwako, anaonja pilau la mama yako, halafu anasema linanukia betri. Wakulima wengi wakakata tamaa, wakang'oa mizabibu yao na kupanda Cabernet.

Ukweli usemwe, wale Waingereza hawakuwa wanaota. Pinotage inaiva mapema na inajaa sukari. Ikiwekwa kuchachuka kwenye joto, hamira inakimbia kama imefukuzwa, na inazalisha harufu kali ya rangi ya kucha au ya ndizi mbivu. Hii ya ndizi mimi niliikuta mwenyewe na nikadhani pua yangu imeharibika. Kumbe ile kemikali inayoipa ndizi harufu yake ndiyo hiyohiyo hamira inayoitengeneza. Mchaga aliyekulia kwenye mbege, au Mhaya aliyekulia kwenye lubisi, akinusa Pinotage ya namna hiyo ataona kama kafika nyumbani. Mwingereza akaona kutu. Pua nayo ina kabila lake.

Waliokomaa na Pinotage ni wachache, na mashuhuri kati yao ni shamba la Kanonkop. Jina hilo maana yake ni kilima cha mzinga, kwa sababu zamani kulikuwa na mzinga pale juu, ukilipuliwa wakulima wanajua meli imeingia Cape Town, wanapakia mboga na mvinyo kukimbilia bandarini. Pale hawakung'oa. Wanayo hadi leo mizabibu ya mwaka 1953, mifupi, haikufungwa kwenye nyaya, imesimama yenyewe kama vichaka. Mzabibu mzee unazaa kidogo lakini kila punje ina neno la kusema. Zabibu zinachachushwa kwenye matangi ya saruji yaliyo wazi juu, na watu wanasimama na miti mirefu kuzamisha maganda, usiku na mchana, maana rangi na ule ukakasi wa mvinyo mwekundu vyote vinatoka kwenye maganda. Halafu inalazwa kwenye mapipa ya mwaloni ipoe hasira.

Mwaka 1991 mtengenezaji wa Kanonkop, Beyers Truter, akaenda London kwenye mashindano ya kimataifa akachukua taji la mtengeneza mvinyo bora wa mwaka. Hakuna mtu wa Afrika Kusini aliyekuwa amewahi kulichukua. Waliong'oa wakaanza kuulizia miche! Mwaka 1995 wakulima wakaanzisha chama chao cha Pinotage, na leo zabibu hiyo inashika kama asilimia 7 ya mashamba yote ya mizabibu ya nchi hiyo. Nyingi siyo, lakini haifi tena kwa jembe la mtu mmoja.

Huyohuyo Truter ndiye aliyeanzisha mfuko wa kusaidia kupambana na ile athari ya pombe kwa watoto waliomo tumboni. Siyo jambo dogo kwa mtu anayekula kwa kuuza pombe. Sikatai kwamba wapo watakaosema ni kuosha mikono, lakini wengine wengi hata maji hawakuyagusa.

Kuna na vituko. Mwaka 2001 shamba la Diemersfontein lilitoa Pinotage yenye harufu ya kahawa na chokoleti. Hakuna kahawa iliyotiwa, hata kijiko. Ni hamira maalumu na mbao za mwaloni zilizochomwa moto sana. Wakongwe walinuna, vijana wakainunua kwa fujo, wakaja wengine kuiga. Mimi nimeionja na siwezi kusema uongo, tamu. Ila ukinywa glasi mbili unaanza kutafuta mkate wa kuchovya.

MIKONO MIPYA

Je, weusi wako wapi kwenye hadithi hii, zaidi ya kuchuma? Wameingia, ila kwa tabu. Dada Ntsiki Biyela alitoka kijijini KwaZulu-Natal mwaka 1999 kwenda kusoma utengenezaji wa mvinyo Stellenbosch kwa msaada wa masomo, na alikuwa hajawahi kuonja waini maishani. Masomo yenyewe yalifundishwa kwa Kiafrikaans, lugha asiyoijua! Alimaliza mwaka 2003, na anatambulika kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa nchi hiyo kuwa mtengeneza mvinyo. Mwaka 2016 akaanza kampuni yake, akaiita Aslina, jina la bibi yake. Familia ya Rangaka nayo, wasomi watupu wasiojua hata kushika mkasi wa kupogolea, walinunua shamba Stellenbosch mwaka 2003 na kutoa mvinyo wa jina la M'hudi, Pinotage ikiwemo.

Lakini ardhi nyingi ya mizabibu bado iko mikononi mwa walewale. Na mwezi Novemba 2012 wachuma zabibu wa De Doorns, zile za kula siyo za mvinyo, waligoma na moto ukaenea mashamba ya jimbo zima. Kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Walidai 150. Machi 2013 serikali ikapandisha hadi 105. Chupa moja ya Pinotage ya maana ilikuwa inazidi kibarua cha siku nzima cha aliyeichuma.

Sasa wewe kijana wa mjini ukitaka kuijaribu, sikiliza ya kwangu. Usiinywe na joto la Dar. Hawa wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani walikuwa wanazungumzia vyumba vya Ulaya vyenye baridi, siyo chumba chako cha bati Manzese. Itie kwenye friji nusu saa, iwe na ubaridi wa mbali. Usiweke barafu ndani, na soda ya kola usimwambie mtu kwamba ni mimi niliyekuruhusu. Na chakula chake ni nyama choma, basi. Ule moshi wa mkaa na Pinotage vinajuana, kule kwao inaliwa na nyama ya kuchoma jikoni uani kila wikiendi. Kitimoto nacho hakijawahi kulalamika.

Harusi yenyewe ya yule binti ilifanyika wiki iliyofuata, na nani nikamkuta tena mezani? Shemeji, suti ileile. Safari hii nilikuwa nimejipanga. Nikamsimulia yote, Perold, mbegu nne, majembe, jamaa wa baiskeli. Akasikiliza vizuri kabisa, nikamsifu moyoni. Nikamweleza na habari za kikombe cha bati.

Akaiangalia glasi yake kwa muda. "Yaani walikuwa wanawalipa hii?"

"Siyo hii, shem. Hii hawakuwahi kuionja."

Akatikisa kichwa, akanyamaza, akala kipande cha kuku. Baadaye kidogo nikamsikia anamwita mhudumu, anamuuliza kama ile ya Stellenbosch ipo, na safari hii alitamka "pinotaaji" sawasawa.